Video ya mubashara kwenye simu: mbiu inapolia, nani analipa?

Kila mwezi Juni mawaziri wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda husimama bungeni kusoma bajeti, mara nyingi siku moja. Mkulima anayesubiri kujua kama ruzuku ya mbolea itaendelea, au kama mafuta yatapanda bei, anataka kulisikia neno lenyewe likitoka kinywani mwa waziri. Hataki kungoja kesho yake asimuliwe na mtu aliyesimuliwa.

Siku hizi anaambiwa, "Fuatilia mubashara kupitia mtandao wetu." Anabonyeza kiungo, picha inakuja. Waziri anatoa salamu, anashukuru, anafungua kurasa. Kisha picha inaganda na kiduara kinaanza kuzunguka. Msikilizaji wetu anasogea nje ya nyumba, anapanda kichuguu, picha inarudi kidogo, inaganda tena. Mwisho unaingia ujumbe: kifurushi chako kimekwisha. Waziri hajafika hata kwenye ukurasa wa kilimo.

Msikilizaji wetu mmoja alituuliza hivi: "Redio yenu naisikiliza mchana kutwa kwa betri mbili. Video ya saa moja inanimalizia bando la wiki. Kuna tofauti gani, na nyote mnatangaza hewani?"

Swali hili ni zuri, na jibu lake linagusa mambo mawili. La kwanza ni la ufundi: jinsi picha inavyotoka kwenye kamera mpaka ikafika kwenye simu yako. La pili ni la haki: mambo ya umma yanapohama kutoka kwenye masafa ya redio na televisheni kwenda mtandaoni, gharama ya kuyapata inahama pia. Inatoka kwa anayetangaza na kumwangukia anayesikiliza. Hilo halisemwi mara nyingi, nasi leo tunataka kulieleza.

Mbiu na mjumbe

Redio ni kama mbiu ya mgambo. Mpiga mbiu akipuliza, wanasikia wote walio karibu, wawe kumi au elfu kumi. Pumzi anayotumia ni ileile. Mnara wetu wa FM hutumia umeme uleule, awe anasikiliza mtu mmoja au wilaya nzima. Wewe ukiwasha redio yako, sisi hatujui wala hatuongezewi gharama, na jirani yako akiwasha yake, wewe hupunguziwi chochote.

Mtandao haufanyi kazi hivyo. Mtandao ni kama mjumbe anayepita nyumba kwa nyumba akiwa na barua. Kila simu inayotaka kutazama lazima ibishe hodi kwanza kwenye kompyuta inayohudumia, ile inayoitwa seva, na seva lazima iitumie simu hiyo nakala yake peke yake. Watu mia wakitazama, nakala mia zinatoka. Hata kama simu mbili ziko kwenye mkeka mmoja, kila moja inaletewa ya kwake, na kila moja inakatwa bando lake.

Tufanye hesabu kidogo. Video ya ubora wa kawaida wa simu inaweza kuhitaji megabiti 1 kwa sekunde. Watazamaji 100 wanahitaji megabiti 100 kwa sekunde. Kituo kidogo cha wilayani chenye laini ya intaneti ya kiwango hicho kimeshajaa hapo. Mtu wa 101 akiingia, wote wanaanza kuona picha ikikwama. Watazamaji 10,000 wanahitaji gigabiti 10 kwa sekunde, na huo ni mzigo ambao redio ya kijamii haiwezi kuulipia.

Ndiyo maana vituo vingi, mabunge na hata mahakama hupitisha video zao YouTube au Facebook. Kampuni hizo zina seva nyingi duniani, na nyingine zimewekwa ndani ya mitandao ya makampuni ya simu yenyewe, ili nakala itoke karibu na mtazamaji. Kituo kinatuma nakala moja tu, wao wanagawa zilizobaki. Lakini anayegawa ndiye anayeweka masharti: tangazo gani la biashara litangulie, video gani iondolewe, nani asimamishwe.

Seva isiyosimama kungoja

Hata kabla ya suala la laini, kulikuwa na tatizo jingine ambalo liliwasumbua mafundi kwa miaka mingi. Seva moja inawezaje kuhudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja?

Fikiria mama lishe kwenye stendi ya mabasi. Ana wahudumu watano. Utaratibu wake wa zamani ni huu: kila mhudumu anampokea mteja mmoja, anamletea chakula, kisha anasimama pembeni yake mpaka amalize kula na kulipa. Wateja watano wanaokula haraka hawana shida. Lakini wakija watano wanaokula polepole, biashara imesimama. Mteja wa sita anakaa na njaa ingawa chakula kipo tele.

Seva nyingi za zamani zilifanya kazi hivyo. Kila mtazamaji alipewa mhudumu wake ndani ya kompyuta, na mhudumu huyo alishikiliwa mpaka mtazamaji aondoke. Na aliyekuwa akila polepole ni nani? Ni mtu mwenye simu iliyo mbali na mnara, anayepokea data kwa matone. Kwa seva ya namna hiyo, msikilizaji wa kijijini alikuwa mzigo mkubwa kuliko mtu wa mjini mwenye laini ya kasi, kwa sababu alimshikilia mhudumu muda mrefu.

Mwaka 1999 mhandisi wa Marekani, Dan Kegel, aliliweka tatizo hilo wazi kwa kuuliza: kompyuta za sasa zina nguvu ya kutosha, kwa nini seva moja isihudumie wateja 10,000 kwa pamoja? Jibu lilikuja kwa kubadilisha utaratibu wa wahudumu. Mhudumu mmoja anachukua agizo la meza ya kwanza, analipeleka jikoni, hangoji; anakwenda meza ya pili, ya tatu, ya nne. Kengele ya jikoni ikilia anachukua sahani na kuipeleka inakohusika. Mteja anayekula polepole hamzuii mtu yeyote, kwa kuwa hakuna aliyesimama pembeni yake.

Seva za namna hii mafundi huziita za asinkroni, maana yake hazisimami kungoja kazi moja iishe ndipo zianze nyingine. Mrusi Igor Sysoev alitoa seva ya nginx mwaka 2004 akilenga tatizo hilo la watu elfu kumi. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js kwa mtindo huohuo, na mwaka 2014 lugha ya Python, inayotumiwa na vijana wengi wanaojifunza kuandika programu hapa kwetu, ilipata zana zake rasmi za kufanya kazi hiyo katika toleo la 3.4. Leo fundi mmoja mwenye kamera na kompyuta ya kawaida anaweza kurusha picha ya mkutano wa halmashauri ikaonekana kwenye kivinjari cha simu yako, bila wewe kupakua programu yoyote.

Lakini kuna jambo la kuangalia hapa. Video ya mubashara haingoji kama wali unavyongoja jikoni. Kamera inaendelea kutoa picha mpya kila sekunde, huku simu yako bado inapokea za sekunde kumi zilizopita. Seva ifanye nini na picha ambazo hujazipokea? Seva iliyotengenezwa vizuri inazitupa zilizopitwa na wakati na kukupa ya sasa. Utaona picha inaruka, lakini utaendelea kuwa pamoja na wenzako. Seva iliyotengenezwa vibaya inazirundika ikidhani ipo siku utazichukua. Rundo linakua, kumbukumbu ya kompyuta inajaa, na mwisho seva inaanguka kwa wote, wa mjini na wa kijijini.

Vilevile, mhudumu akipewa kazi nzito katikati ya mzunguko wake, kwa mfano akiambiwa asage mahindi kabla hajapeleka sahani inayofuata, meza zote zinasimama. Kazi ya kubana picha ili iwe ndogo ni nzito namna hiyo, na inatakiwa ifanywe na mashine nyingine au upande mwingine wa kompyuta. Kwa hiyo mkutano wa mtandaoni ukikatika kwa watu wote kwa pamoja, mara nyingi tatizo haliko kwenye simu yako. Liko kwao.

Na hata mhudumu awe na mbio kiasi gani, uzito wa sahani haupungui. Seva ya asinkroni inawezesha watu wengi wahudumiwe pamoja, lakini haipunguzi hata megabaiti moja ya bando lako. Kinachoamua hilo ni namna picha inavyofungashwa.

Njia tatu za kufungasha picha

Njia ya kwanza ni rahisi kwa fundi. Kamera inapiga picha moja moja, seva inazituma kwenye kivinjari mfululizo, na jicho linaziona kama zinatembea. Baadhi ya kamera za ulinzi hufanya hivyo. Ubaya wake ni kwamba kila picha inatumwa nzima, hata kama kilichobadilika ni mkono wa msemaji tu. Picha moja ikiwa na kilobaiti 40, na zikitumwa 10 kwa sekunde, unatumia kilobaiti 400 kwa sekunde. Kwa dakika moja ni megabaiti 24. Kwa saa moja ni karibu gigabaiti moja na nusu. Aliyetengeneza ameokoa muda wake, na wewe umelipia uokozi huo.

Njia ya pili ndiyo inayotumiwa na wengi. Video inakatwa vipande vya sekunde chache chache, na simu inavipakua kimoja baada ya kingine. Kampuni ya Apple ilileta utaratibu wake, uitwao HLS, mwaka 2009. Mwingine unaofanana nao, DASH, ukawa kanuni ya kimataifa mwaka 2012. Hapa kinachotumwa zaidi ni mabadiliko kati ya picha na picha, kwa hiyo mzigo unapungua sana. Pia kila kipande hutengenezwa kwa ubora wa ngazi mbalimbali, na simu inachagua ngazi kulingana na mtandao ulivyo. Ndiyo maana picha yako huanza kuwa na ukungu unapotoka karibu na mnara, kisha ikasafika unaporudi.

Ubaya wa vipande ni kuchelewa. Simu hukusanya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonesha, ili isikwame njiani. Unaweza kuwa nyuma kwa sekunde 15, 20, hata 30. Watu wa mpira wanalijua hili vizuri. Jirani mwenye redio ameshashangilia bao, wewe kwenye simu bado unamwona mchezaji anaupanga mpira kwenye kona.

Njia ya tatu ni WebRTC, iliyopitishwa kuwa kanuni rasmi ya mtandao Januari 2021. Hii ndiyo inayofanya watu waonane na kujibizana kwenye kivinjari, na kuchelewa kwake ni chini ya sekunde moja. Inafaa pale ambapo mtu wa kijijini anatakiwa kuuliza swali na kujibiwa papo hapo, mathalani kuzungumza na daktari wa mifugo huku akimwonesha ng'ombe. Ila watu wakifika maelfu, gharama kwa mwenye seva inapanda haraka, maana nakala zake haziwezi kuhifadhiwa njiani kama vipande vya kawaida.

Bando linavyokwenda

Hizi hapa ni hesabu za saa moja, ili ukiambiwa "fuatilia mubashara" ujue unaambiwa utoe kiasi gani.

Sauti peke yake, kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde kinachotosha mazungumzo, inatumia kama megabaiti 14 kwa saa. Sauti nzuri zaidi ya kilobiti 64 inatumia kama 29. Video ndogo ya kilobiti 300 kwa sekunde inatumia megabaiti 135. Video ya megabiti 1 inatumia 450. Video safi ya megabiti 2.5 inatumia zaidi ya gigabaiti 1.

Hotuba ya bajeti inaweza kuchukua saa mbili au zaidi. Kwa bei yoyote ya kifurushi unachonunua, tofauti kati ya sauti na video safi ni zaidi ya mara 70. Na katika hotuba, kilicho cha maana ni sauti. Uso wa waziri hauongezi kitu kwenye bei ya mbolea.

Kutoka masafani kwenda mtandaoni

Januari 2016 aliyekuwa Waziri wa Habari wa Tanzania, Nape Nnauye, alitangaza bungeni kwamba shirika la utangazaji la taifa, TBC, halitaendelea kurusha mubashara vikao vyote vya Bunge. Sababu aliyoitaja ni gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake mijadala ingerekodiwa na kuoneshwa baadaye. Wabunge wa upinzani walipinga vikali, na polisi waliingia ukumbini kuwatoa nje. Mjadala uliendelea kwa miaka: je, kuwaona wawakilishi wako wakizungumza ni haki, au ni huduma inayoweza kupunguzwa fedha zikipungua?

Sasa tuitazame hoja ya gharama kwa hesabu tuliyokwisha kuieleza. Matangazo kupitia mnara yana gharama kubwa, lakini ni gharama moja na inalipwa na anayetangaza. Matangazo hayohayo yakipelekwa YouTube, anayetangaza anaweza kulipa kidogo mno. Kutazamwa kwake hakujawa bure. Kumegawanywa vipande vidogo vidogo na kuwekwa mifukoni mwa watazamaji, kila mmoja na bando lake. Taasisi ikisema imeokoa fedha, ni vizuri kuuliza ni nani sasa anazitoa.

Upande mwingine nao una haki yake, nasi hatutaki kuuficha. Mtandao umefungua milango ambayo masafa hayakuifungua. Nchini Kenya, Januari 30, 2018, serikali ilizima mitambo ya televisheni za Citizen, NTV na KTN siku Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake jijini Nairobi. Mahakama Kuu iliamuru virudishwe, lakini vilikaa kimya kwa siku kadhaa. Katika muda huo wenye intaneti waliendelea kuvifuata mtandaoni. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliviagiza vituo visirushe mubashara maandamano ya siku hiyo, na baadhi vikazimwa masafani. Mtandaoni picha ziliendelea, na Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema: basi mtandao ndio salama. Lakini mtandao nao una komeo. Uganda ilizima intaneti mkesha wa uchaguzi wa Januari 14, 2021, na Tanzania intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, ikarudi siku kadhaa baadaye. Na si lazima iwe amri ya mtu. Mei 12, 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki ikakaa na intaneti ya kusuasua. Video iliyohifadhiwa kwenye seva ya ng'ambo iliathirika zaidi, hata kama mkutano uliorushwa ulifanyika kilomita tano kutoka kwa mtazamaji.

Tunachojifunza hapa ni kwamba njia moja haitoshi. Masafa yanaweza kuzimwa, mtandao unaweza kuzimwa au kukatika. Mwananchi mwenye njia mbili ana nafuu kuliko mwenye moja. Hatari iko pale ambapo njia ya mtandao inatumiwa kuwa kisingizio cha kuifunga ya masafa. Hapo anayebaki nje ni yuleyule ambaye mbiu ilikuwa ikimfikia bila malipo: bibi mwenye redio ya betri, mchungaji aliye mbali na mnara, kijana ambaye simu yake ni ya vitufe.

Unachoweza kufanya leo

Wakati mjadala huo ukiendelea, kuna mambo machache yatakayokupunguzia gharama.

Kwanza, chunguza kama simu yako ina redio ya FM ndani yake. Nyingi zinayo. Chomeka waya wa spika za masikioni, maana waya huo ndio antena, kisha fungua programu ya redio. Haitumii bando hata kidogo, wala haihitaji mnara wa simu.

Pili, ukitazama YouTube, bonyeza alama ya gurudumu lenye meno, nenda kwenye ubora, chagua 144p au 240p. Usiiachie simu ijichagulie. Ikiona mtandao una kasi itapandisha ubora na bando litayeyuka bila wewe kujua.

Tatu, kama kuna kiungo cha sauti peke yake, tumia hicho. Kwa hotuba, kesi ya mahakamani au mkutano wa baraza la madiwani, hutapoteza kitu.

Nne, tazameni pamoja. Simu moja iliyounganishwa na spika kwenye baraza la kahawa ni nakala moja na bando moja, mnaweza hata kuchangiana. Kugawa intaneti ya simu moja kwenda nyingine hakusaidii, kwa kuwa kila simu itavuta nakala yake na zote zitamkata mwenye bando.

Tano, picha ikiganda, usibonyeze kufungua upya mara kwa mara. Kila ukifungua, simu inaanza kuvuta vipande upya, na baadhi ni vile ambavyo ulikwisha kuvilipia.

Tunachowaomba wanaotangaza

Tunazungumza na halmashauri, mabunge, mahakama, na sisi wenyewe wa vyombo vya habari. Kila tangazo la mubashara linalohusu mambo ya umma liwe na kiungo cha sauti peke yake, kando ya video. Ni kazi ndogo: sauti tayari imo ndani ya video, inahitaji kutenganishwa tu. Ngazi ya chini kabisa ya ubora iwepo, na iwe ndiyo inayoanza, ili anayetaka picha safi aiombe mwenyewe. Baada ya kikao, uwekwe muhtasari wa maandishi, kwa sababu ukurasa wa maneno 500 ni kilobaiti chache tu, na unasomeka hata palipo na mtandao dhaifu. Na mafundi wanaoandika programu za seva wazijaribu kwa simu ya bei ndogo iliyo mbali na mnara. Kompyuta ya ofisini iliyochomekwa waya haitawaonesha shida ya mtazamaji wa kijijini.

Makampuni ya simu nayo yana nafasi yake. Kama kuna kurasa zinazofunguliwa bila kukata bando, basi matangazo ya sauti ya Bunge yana sababu nzuri ya kuwa miongoni mwake, hasa siku ya bajeti.

Kwa msikilizaji wetu aliyetuuliza: tofauti ni hiyo. Redio inapopuliza mbiu, sisi ndio tunaolipia pumzi. Video inapokuja kwenye simu yako, wewe unamlipa mjumbe nauli ya kukufikia, na anakuja kila sekunde. Siku ya bajeti ijayo hotuba itasikika kwenye masafa yetu tangu mwanzo hadi mwisho, na hapa kwenye ukurasa huu tutaweka kiungo cha sauti peke yake kwa walio mbali na mnara wetu. Ukiwa na betri mbili, unatosha kuanza nazo.